Wifi Yangu Gailian, Aliyegonga Sakafu Mbele ya Watu

Wifi yangu Xing Gailian alipewa jina ambalo kwetu Xinzhou hupewa mtoto wa kike wazazi wakishachoka kupata wasichana. Maana yake ni kama kusema, sasa mambo yabadilike. Na yalibadilika kweli, kwa sababu aliyemfuata alikuwa mvulana, Baosuo, ambaye baadaye alinioa mimi. Siku nilipoingia kwao kama bibi harusi, Gailian alinivuta pembeni akaniambia, "Wifi, huyu mdogo wangu akikusumbua niite, nitambwaga." Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa akimbwaga tangu utotoni, na Baosuo mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kumwangusha dada yake hata siku moja.

Kwetu mieleka ni jambo zito. Sikukuu ya hekalu ikifika, wanaume huvua mashati na viatu, huingia uwanjani mmoja mmoja, na atakayeangusha watu sita mfululizo bila yeye kuanguka hupewa kondoo dume. Humbeba shingoni akazunguka naye huku watu wakimshangilia. Baba mkwe wangu, mzee Xing Fuquan, alibeba kondoo mara nyingi kuliko mtu yeyote wa mji wetu. Nilipoolewa nyonga yake ilikuwa imeshaharibika, lakini akifika mahali watu bado walikuwa wanainuka kwenye benchi ili akae. Kwake mieleka ilikuwa na sheria moja tu: aliyegusa ardhi amekwisha. Hakuna kubishana wala kuulizana. Anajipangusa vumbi anaondoka.

Uwanja ule haukuwa wa wasichana. Lakini Gailian akiwa shuleni walikuja makocha wa mkoa kutafuta wasichana wa kuunda timu ya mieleka ya mkekani, wakamwona akibeba magunia ya mtama kwenye mavuno, wakamchukua Taiyuan, makao makuu ya mkoa. Ujana wake wote ukaishia huko. Magoti yalipomchosha, timu ikamwachia, akarudi nyumbani na begi la nguo na masikio yaliyovimba na kukunjamana kama maandazi ya kuchemsha. Akapata kazi katika nyumba ya kuogea ya wanawake, kazi ya kusugua watu migongo. Wanawake walilalamika kwamba anawachuna ngozi, na wiki ya pili wakarudi wakimtaka yeye yeye.

Baba hakuwahi kumsifu. Lakini mezani alikuwa akichukua vijiti vyake vya kulia na kuvisimamisha kama watu wawili, kisha anamuuliza, mtu akikushika hivi, wewe unatokea wapi? Gailian anachukua vijiti vyake naye anajibu. Chakula kinapoa, wao wanapigana kwa vijiti. Mtu aliyeijua nyumba ile aliona kwamba hayo ndiyo mapenzi yao.

Siku moja rafiki yake wa timu ya zamani alimpigia simu kutoka Beijing. Alimwambia kuna mchezo mpya, kuna watu wanachanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini, yote katika pambano moja, ndani ya kizimba cha wavu. Walikuwa wanatafuta wanawake na hawawapati. Gailian akalileta jambo hilo mezani. Baba akaweka bakuli chini akauliza, "Ukishamwangusha mtu, kinabaki nini cha kupigania?"

"Ndicho ninachotaka kwenda kukiona, Baba," akajibu.

Akaenda. Chumba cha mazoezi kilikuwa chini ya ardhi, chini ya jengo la makazi, na mabomba ya maji machafu yalipita juu ya vichwa vyao. Kocha wao aliitwa Tong. Ngumi na mateke alijifunza tangu ujanani, lakini mambo ya kukabana sakafuni aliyajua kupitia diski za kunakili zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono kutoka nchi za nje. Alikuwa anaisimamisha picha, analala chini na mwanafunzi, kisha anainuka tena kwenda kuchungulia runinga aone mguu unapita wapi. Kuna namna moja ya kufunga mkono waliyoifanya majira yote ya baridi kabla hawajagundua kwamba mguu waliokuwa wanauweka juu ulitakiwa uwe chini.

Mle ndani walikuwemo vijana wa shule za kungfu, mpiga ngumi wa jeshini, Mmongolia mmoja mwenye mgongo kama mlango, na dereva wa lori aliyetaka kupunguza tumbo. Kila mmoja alikuja akiamini mchezo wake ndio mwisho wa yote, na kila mmoja alikutana na mtu aliyemtoa imani hiyo. Gailian alinisimulia kwa simu, sauti yake ikiwa ya mtu aliyeona ajabu. "Wifi, huku kila mtu ni mjinga wa kitu fulani. Hata kocha. Sijawahi kuona mahali kama hapa."

Ujinga wake yeye ulikuwa ngumi. Ngumi ikija, macho yanafumba. Kocha Tong akaamuru awe anakula chakula cha mchana huku mtu anampitishia glavu mbele ya uso, na asikose kuokota tambi hata moja. Alikula hivyo hadi macho yakazoea.

Pambano lake la kwanza lilionyeshwa kwenye runinga. Majirani walijaa kwetu, waliokosa viti wakapanda kwenye kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, mbegu za alizeti zikitafunwa kila kona. Mpinzani alikuwa mwanamke wa Heilongjiang, kaskazini kabisa, aliyetokea kwenye judo, jina lake Pei Xueyan, mwembamba, uso wa upole kama mwalimu wa chekechea. Nilimwonea huruma.

Hawakuzunguka sana. Gailian aliingia chini ya mkono wake, akampakia mgongoni, akambwaga. Mweleka ule ulikuwa safi kiasi kwamba Baba, ambaye hainuki haraka, alisimama. Nyumba nzima ililipuka. Kwetu sisi pambano lilikuwa limekwisha, mwanamke yule alipaswa kujipangusa vumbi na kwenda zake.

Hakwenda. Akiwa bado amelala chali alipandisha miguu yake, mmoja juu ya bega la Gailian, mwingine shingoni, akaifunga kama mtu anayefunga mkanda, akavuta mkono wa wifi yangu kifuani kwake. Gailian alikuwa juu, na uso wake unageuka rangi ya ini. Kisha tukauona mkono wake ulio huru ukipiga sakafu, pa pa pa. Refa akaruka katikati. Akauinua mkono wa yule aliyekuwa chini.

Mbegu za alizeti zilinyamaza. Jirani mmoja aliuliza imekuwaje. Baosuo, aliyeambiwa sheria na dada yake, akaeleza kwamba kugonga hivyo ni kusema nimeshindwa, niachie.

Baba alikwenda mwenyewe kuzima runinga. "Aliyeanguka ndiye kashinda," akasema polepole, "na aliye juu ndiye kaomba aachiwe." Akatoka nje kwenye baridi bila kofia.

Usisahau huu ni mji ambao watu wamevunjika mbavu wakaondoka uwanjani wakitembea wima. Kuanguka si aibu, kila mtu huanguka. Lakini kuomba, kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya watu wote, hilo lilikuwa halijaonekana. Gailian aliporudi kwa mwaka mpya, vijana wa mtaani walikuwa wakimwona wanagonga ukuta, pa pa pa, halafu wanacheka. Baba akaacha kusema naye. Wakiwa meza moja alikuwa ananiambia mimi, "Juxiang, mwambie huyo anipe siki." Siki iko mbele ya Gailian, na Gailian anasikia. Namwambia, anaipeleka, Baba anaipokea bila kumtazama. Vijiti vikabaki vya kulia tu.

Nilimuuliza kwa nini hakuvumilia. Tulikuwa tunakunja maandazi ya kuchemsha jikoni. Hakukasirika.

"Wifi, nilikuwa nazimika. Na yule mtu alikuwa amenifunga kwa kitu nisichokijua. Nilikaa miaka yote ile Taiyuan nikidhani nikimwangusha mtu nimemmaliza, kumbe nilikuwa nafungua mlango tu, nyumba yenyewe sijaingia." Akatabasamu, unga umemjaa shavuni. "Nataka kuingia."

Sikukuu haijaisha alipanda treni kwenda Heilongjiang, kwa Pei Xueyan yule yule aliyemkaba. Alifika bila taarifa akiwa amebeba debe la siki ya kwetu, akamwambia nifundishe. Xueyan alimkaribisha ndani, wakaishi pamoja hadi barafu ya mto ilipoyeyuka, wakikabana kila siku kwenye magodoro ya ukumbi wa shule. Mpaka leo nikifikiri jambo hilo nashangaa. Mtu amekudhalilisha mbele ya mkoa mzima, nawe unampelekea siki.

Aliporudi Xinzhou alikuja na magodoro ya mazoezi kwenye lori. Akakodi ghala la zamani la nafaka karibu na soko ninapouza tambi za oti, akafunga jiko la makaa ya mawe katikati, akaandika mlangoni: mapigano mseto, wote karibuni. Walikuja vijana wa mieleka, wengi wao kwa ajili ya kucheka. Somo la kwanza likawa kugonga. Aliwalaza wawili wawili, akawaambia kila mtu amgonge mwenzake na kuachiwa, tena na tena, kabla hawajajifunza jinsi ya kumkaba mtu.

Kijana mmoja aliyeitwa Lü Hutou, aliyekuwa amebeba kondoo mwaka uliopita, akakaa pembeni amekunja mikono. "Dada, kwetu mtu haombi. Tufundishe kushinda."

Gailian akamwambia aje basi amshinde. Sikuona vizuri kilichotokea, kilikuwa cha haraka, ila nilimwona Hutou amekaa chini na Gailian yuko nyuma yake amempiga kabali. Alimwambia agonge. Hutou akatikisa kichwa. Akamwambia tena. Hutou akakaza meno, kisha meno yakaachia yenyewe, macho yakapanda juu, akalegea. Gailian akamlaza taratibu, akamwinua miguu. Baada ya muda mfupi Hutou akafumbua macho, akauliza, "Nimeshinda?"

"Umelala," Gailian akamjibu. "Ulikuwa unakoroma."

Wote walicheka, na Hutou naye, akawa mwanafunzi asiyekosa. Nilimsikia akiwaeleza wageni kwa sauti ile ile ya majigambo kwamba ukigonga mapema unajifunza mara kumi kwa siku, usipogonga unajifunza mara moja halafu unakwenda hospitali.

Baba alikuwa akipita mbele ya ghala kila asubuhi akienda kununua chapati za ufuta. Hakuwahi kugeuza kichwa. Lakini duka la chapati lilikuwa upande mwingine kabisa.

Mwaka uliofuata Gailian alipangiwa pambano Taiyuan. Mchezo ulikuwa umeshaanza kukua. Wale waliouita vita vya majogoo sasa walikuwa wananunua tiketi, na ukumbi ulikuwa na taa kama za harusi ya tajiri. Mpinzani alikuwa Fan Xiuqin wa Datong, mwenzake wa timu ya mkoa ya zamani, ambaye walikuwa wakilala vitanda jirani. Xiuqin alisifika kwa jambo moja, kwamba hagongi. Alikwisha kuteguliwa bega akapigana kwa mkono mmoja. Datong walimtungia hadi nyimbo.

Nilimwambia Baba kwamba mimi na Baosuo tunakwenda. Asubuhi ya safari nikamkuta ameshavaa koti, amekaa langoni.

Tulikaa karibu na kizimba, tuliwasikia wakihema. Wote wawili walikuwa watu wa mieleka, hivyo mwanzoni kila mmoja alimzuia mwenzake asiingie. Ngumi za Xiuqin zilikuwa nzito, ila macho ya Gailian hayakufumba hata mara moja, na nilijikuta nikikumbuka zile tambi. Kisha Xiuqin akamkamata kiunoni akambwaga. Ukumbi ukapiga kelele. Baba akashika goti langu bila kujua kwamba ni langu.

Gailian alianguka kama mtu anayekaa nyumbani kwake. Kabla mgongo haujatulia miguu yake ilikuwa imeshazunguka, mkono wa Xiuqin uko katikati ya mapaja yake, kiwiko kimenyooshwa. Akainua nyonga kidogo. Kila mtu aliona kwamba kiwiko kile kimefika mwisho wake na sasa kinaelekea kusikotakiwa. Xiuqin hakugonga. Refa akainama, akatazama, hakuingilia. Watu wa nyuma yetu wakaanza kuimba, vunja, vunja.

Gailian akamwachia.

Sijui niseme vipi jinsi ilivyokuwa. Mtu ameshika ushindi mkononi, sheria iko upande wake, ukumbi unamtaka, naye anafungua mikono. Kocha Tong alijipiga kichwani kwa viganja viwili. Xiuqin mwenyewe hakuelewa. Alibaki kidogo akiutazama mkono wake, halafu akaruka juu ya Gailian akaanza kumpiga, na ngumi moja ikamvunja pua. Damu ilitapakaa hadi kwenye wavu. Raundi ikaisha hivyo.

Baadaye Gailian alinieleza kilichosemwa pale chini. Xiuqin alimnong'oneza, "Vunja tu, dada. Siwezi kugonga. Nyumbani wanaangalia."

Raundi iliyofuata Xiuqin alikuja kwa nguvu zote, naye Gailian alikuwa anahemea mdomoni kwa sababu pua imeziba. Alisukumwa hadi ukingoni, akapigwa, akakumbatia, wakaanguka pamoja. Wakabiringika, na walipotulia ulikuwa mkono ule ule, mahali pale pale. Safari hii walikuwa wameelekea upande wetu, na refa alikuwa upande wa pili, nyuma ya miguu yao. Nikaona kitu kidogo sana. Mkono huru wa Xiuqin, uliokuwa umefichika chini ya paja la Gailian, uligusa paja hilo kwa vidole. Mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asitake kuamsha watoto.

Gailian akamwachia hapo hapo, akasimama, akashusha mikono.

Refa hakuwa ameona kitu. Akawaonyesha ishara waendelee. Ukumbi ukazomea, wakidhani Gailian amerudia uchizi wake wa mwanzo. Yeye hakusema neno, hakumwonyesha refa paja lake. Alisimama tu, damu inamtoka, mikono chini, na mtu yeyote angeweza kumpiga anavyotaka. Xiuqin alikuwa amepiga magoti mbele yake. Ni watu wachache mno waliokuwa wameona, na Xiuqin alilijua hilo. Angeinuka akapiga, Datong wangeimba tena.

Akamtazama Gailian, kisha akageuka kumtazama refa. Akainua mkono wake juu, juu kabisa, ili hata wale wa viti vya mwisho wauone, akaushusha sakafuni kwa kofi moja lililosikika hadi kwenye paa.

Kelele zikakatika. Nimeishi katika mji wa mieleka maisha yangu yote, nimeona wanaume wakiinuliwa kama magunia, lakini nywele za mwili wangu hazijawahi kusimama kama siku ile. Mtu mmoja mahali fulani nyuma akaanza kupiga makofi, akafuata mwingine, na nilipogeuka niliona watu wa Datong nao wamesimama. Baba alikuwa bado amekaa.

"Huyo mtoto," akaniambia, "ameanguka vizuri." Hilo ndilo neno kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Nilijua anamzungumzia Xiuqin.

Alikwenda kwanza kwa Xiuqin, katika chumba cha kubadilishia nguo, nasi nyuma yake, akichechemea na kichupa chake cha pombe ya dawa alichokuwa hakiachi tangu enzi za uwanjani. Hakujitambulisha. Alikaa kwenye benchi, akauchukua ule mkono, akaanza kukikanda kiwiko, akimuuliza kama anahisi hapa, na hapa je. Xiuqin alikuwa analia kimya kimya, Baba anajifanya haoni.

Alipomaliza akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa mle mle pembeni na pamba puani.

"Pua yako imepinda," akamwambia.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kupeleka ujumbe, kwa mazoea. Haukuhitajika.

"Ilikuwa imepinda tangu zamani, Baba. Nimerithi kwako."

Akamshika pua kwa vidole viwili, akainyoosha. Gailian akatoa sauti ambayo hakuitoa kizimbani.

Hakupigana mapambano mengi baada ya hapo, magoti hayakumruhusu. Lakini ghala lilijaa. Wasichana ambao zamani wangechunguliwa wakibeba magunia sasa wanaletwa na mama zao wenyewe, na wauza mboga wa soko letu huja wakishafunga vibanda, wanabwagana huku wakicheka. Vijana wawili waliofundishwa na Hutou wameshapigana Shanghai. Xiuqin alihamia kwetu majira ya baridi yaliyofuata, hakuondoka tena, na yeye ndiye anayefundisha wanaoanza.

Asubuhi moja niliwapelekea uji wa mtama kabla ya soko. Makaa ya mawe yalikuwa hayajashika, mvuke unatoka vinywani mwa watu. Walikuwa wamejaa magodoro yote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyekuwa anaongea. Baba alikuwa kwenye benchi ukutani, amejifunika blanketi, anamwelekeza mtu nyonga yake ikae wapi. Gailian alikuwa amelala chali chini kabisa, na msichana mmoja mnene wa muuza tofu alikuwa anahangaika kumfunga mkono. Alimrekebisha mguu, akasubiri. Akamrekebisha tena. Nilisimama mlangoni na sufuria mikononi nikiwatazama, hadi mtu akaniuliza kama huo uji ni wa kunywa au wa kuangalia.